Tiki na Nukta Mbili

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara mbili nikaichana, kwa hiyo ukiona mwandiko umekaa upande ujue ni hasira, si macho. Huku sote tunapumua. Mama goti linamsumbua, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote na anauliza kila siku kama mjukuu wake ameanza kutembea. Mjomba Redio anakusalimu sana. Betri zimemwishia lakini habari hazijamwishia, anatutangazia mwenyewe kutoka kibarazani asubuhi na jioni.

Ulisema nisikupigie wala nisikutumie ujumbe, kwa kuwa siku hizi simu za wafanyakazi wa ofisi yenu zinapekuliwa. Haya, nimerudi kwenye kalamu na stempu kama enzi za baba.

Sasa sikiliza. Jumatatu tarehe mbili, saa nne asubuhi, kazi yetu imesimamishwa. Nilikuwa nimepiga magoti mstari wa kumi na saba, uso ndani ya kioo cha kofia, nachokoa udongo polepole, mara dereva wa makao makuu akapiga honi. Ndani ya shamba lenye mabomu hakuna mwenye akili anayepiga honi. Tulishtuka wote tisa.

Barua aliyoleta ilikuwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili safi ajabu. Inasema nchi unakoishi inapitia upya misaada yake yote ya nje ili ilingane na maslahi ya taifa, na kwamba kuanzia muda huo hakuna jembe wala fimbo itakayogusa ardhi. Nyuma yake kuna orodha ya mali, kurasa kumi na mbili. Vyenye tiki virudishwe makao makuu ndani ya siku tatu, visivyo na tiki viachwe palepale. Choo hakikutiwa tiki, tumebakiwa nacho. Upawa wa jikoni umetiwa tiki. Nimecheka peke yangu kama mwehu: taifa kubwa namna ile, limekumbuka upawa.

Halafu ukurasa wa tisa, mstari wa nne: vigingi vya mbao, vyekundu na vyeupe, vyenye nembo, 1,140. Tiki.

Wewe sina haja ya kukueleza, umetafsiri ripoti zangu miaka mitatu. Upande mwekundu unatazama hatari, upande mweupe unatazama njia salama. Hapa hata mtoto wa chekechea anajua. Nusu ya shamba la nyuma ya shule tumelisafisha, nusu bado, na kilichokuwa kinaonyesha nusu ipi ni ipi ni vile vigingi. Vimeng'olewa. Sasa limekaa kama shamba lolote, nyasi zinapendeza.

Naomba uniulizie jambo moja tu hapo ofisini. Je, kuna kikosi kingine kinakuja na alama zake? Kama hakipo, tunaweza kurudishiwa vigingi? Siombi mishahara, siombi magari. Vigingi vimelala ghalani makao makuu, safari ya siku moja kwa lori. Watu wanaanza kulima mwezi wa nne, kwa hiyo usichelewe.

Orodha ninayo, nimeikunja nikaiweka ndani ya kitabu. Tiki zake nzuri, za mtu aliyelelewa vizuri, kila moja na nukta mbili chini yake.

Dada yako


Tarehe 6 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika jana, bahasha ikiwa imefunguliwa na kugundishwa tena bila hata kuficha. Sisi hatujambo. Mwambie Mama mjukuu wake anatembea, anashika ukuta wa jikoni mpaka mlangoni halafu anakaa kitako na kupiga makofi. Mke wangu anawasalimu wote. Goti la Mama mlikande kwa maji ya moto, na asibebe ndoo.

Nimesoma habari za kazi yako kwa masikitiko makubwa. Huku nako usidhani ni nafuu. Ghorofa ya nne tulikuwa sitini na wawili, tumebaki kumi na wanane. Wenzangu walipewa boksi moja la karatasi kila mtu na nusu saa ya kukusanya vitu vyao. Mimea yao imebaki madirishani na mimi ndiye ninayeimwagilia. Mwishoni mwa Januari tulikuwa tunaletewa orodha na barua za kutafsiri, pamoja na kunakili alama zake kwa mkono, kwa mafungu, fungu zima kabla ya chakula cha mchana, na aliyekawia hakuonekana kesho yake. Kibali changu cha kuishi hapa kimefungwa na kazi hii, na kinaisha Juni. Sitaki kukuchosha na hayo.

Kwenye lifti wamebandika tangazo jipya. Lile la zamani lilikuwa na picha ya mikono miwili imeshikana. Hili halina picha, lina maneno tu: Inatufaa nini sisi? Kila karatasi inayopita mezani sasa ina kisanduku juu chenye swali hilo, na usipokijaza karatasi inarudi.

Usiwaone watu wabaya, Dada. Kila nchi hutazama tumbo lake, na hawa wamechoka kubeba dunia nzima huku barabara zao wenyewe zina mashimo. Sisemi wamefanya vizuri. Nasema ukiwa hapa unaona mambo kwa upana zaidi.

Kuhusu swali lako, nitaliuliza wakati ukifaa. Kwa sasa ni vizuri jina la mtu lisitajwe tajwe.

Msalimie Mjomba Redio. Mwambie mimi ndiye niliyebaki ofisini, atafurahi.

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amefurahi mpaka amesahau goti, anapita nyumba kwa nyumba akiigiza mjukuu anavyoshika ukuta. Ndoo anabeba vilevile, njoo umkataze mwenyewe.

Mjomba nilimwambia umebaki ofisini. Akasema, "Huyo ndiye balozi wetu." Kisha akatoa taarifa yake ya habari. Anasema zamani Wakubwa walikuwa mapolisi wa dunia, ukigombana na jirani wanakuja na king'ora hata kama hujawaita. Sasa wamekuwa walinzi wa geti lao wenyewe, na sisi tuliozoea kutukanwa na polisi tumebaki tunamtafuta. Unamjua, anawapenda Wakubwa kuliko wanavyojipenda. Lakini juzi aliniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia, na mimi nina miaka arobaini na nne.

Wakati wa vita alikuwa kuli kwenye ghala la stesheni. Masanduku yalikuja kwa treni, ya mbao, mepesi, yenye vishikio vya kamba. Walipewa sabuni mche mmoja kila mtu kwa siku na waliambiwa wasiyaangushe. Alikuwa kijana, hakuuliza. Nembo iliyokuwa kwenye yale masanduku, anasema, ndiyo hiyohiyo ya kwenye vigingi vyangu. Nilimuuliza kwa nini hakusema siku zote hizi. Akasema, "Walirudi kuyatoa, nikaona wamestaarabika."

Kwa hiyo nisaidie kujaza kisanduku chenu. Mabomu waliyaleta kwa maslahi ya taifa, maana aliyekuwa ng'ambo ya pili ya mto alikuwa adui yao. Walianza kuyatoa kwa maslahi ya taifa, maana walitaka tuwapende. Wameyaacha kwa maslahi ya taifa, maana kupendwa na sisi hakuna faida. Mimi niko palepale, nimepiga magoti. Hebu niambie unavyoliona hilo kwa upana.

Mvua imeanza kunyesha. Mwenyekiti ameitisha mkutano akaonya watu, lakini onyo halioteshi mahindi, na wenye mashamba yaliyopakana wananiuliza, "Dada, hapa pako salama au hapo?" Nawajibu kwa kidole. Nimefunga kamba, ikaibwa ndani ya siku mbili. Nimepanga mawe, ng'ombe wameyapiga teke. Mistari ipo kichwani mwangu, ila siwezi kusimama pale mchana kutwa kama sanamu. Shamba la Mama limegusana na ule ukingo, unalijua. Umeuliza? Niandikie tu ndiyo au hapana.

Jana nikitafuta dawa ya Mama nimekuta daftari lako la darasa la nne. Baba amelisahihisha lote. Unakumbuka alivyofanya? Tiki tupu ilikuwa na maana kwamba amepitisha macho tu. Tiki yenye nukta mbili, amesoma neno kwa neno na anawajibika nalo. Ukimpelekea kazi usiku akiwa amechoka alitia tiki tupu, hakuwahi kudanganya nukta. Watoto wa kijiji kizima walijua, na sisi tulilelewa humo humo. Unakumbuka?

Dada yako


Tarehe 27 Aprili

Dada, shikamoo.

Sisi wazima. Mtoto ameota jino la sita.

Suala lako nimeliwasilisha. Liko mezani kwa bosi wangu, na utaratibu wa hapa ni kusubiri. Naomba uwe na subira na uwaombe watu nao wawe na subira.

Nakusihi usiniandikie tena mambo ya masanduku na treni. Barua zinasomwa. Hata kama ni kweli, ni ya zamani, na waliohusika wamekwisha kustaafu au kufa. Kazi yangu ni kutafsiri yanayosemwa leo. Wewe unadhani mtu akiwa ndani ya jengo kubwa ana sauti kubwa, lakini mimi hapa ni mdomo wa kuazima. Wakisema nasema, wakinyamaza nanyamaza.

Kibali kinajadiliwa mwezi ujao, tuombeeni. Mama asibebe ndoo.

Mdogo wako


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Mama yupo, mimi nipo. Mjomba amekatwa mguu wa kushoto chini ya goti. Nimeandika mwanzoni ili usipitishe macho ukidhani ni salamu.

Ilikuwa Alhamisi iliyopita, saa tatu asubuhi, jua limeshatoka vizuri. Hakuniambia. Alikuwa ameona watu wanavyolitazama lile shamba na majembe yao, akaona mimi nimechoka kunyoosha kidole. Alikata fito sitini. Rangi nyekundu alipewa na fundi wa baiskeli, nyeupe akachanganya chokaa, na upande mmoja wa kila fito akachora kinembo cha kwake, redio ndogo yenye antena. Alimwambia Mama anakwenda kurudisha alama za balozi wetu. Alikuwa amekaa nasi pale ukingoni miaka mitatu, ametutazama kila siku tukihamisha vigingi, na kweli alikuwa ameshika mistari karibu yote. Fito arobaini na moja zimesimama sawasawa, nimezipima mwenyewe. Ya arobaini na mbili alikosea kona, akapitiliza ndani.

Nilisikia mlipuko nikiwa kisimani. Nilijua ni wapi kabla sijageuka.

Nilipofika alikuwa amekaa, mita kumi na moja ndani ya nusu isiyosafishwa, ananitazama kama mtu aliyemwaga maziwa. Watu wamejaa ukingoni, hakuna anayesogea. Kigunduzi kilikuwa na tiki. Kofia ilikuwa na tiki. Fimbo ya kuchokolea, tiki. Fundi wa baiskeli aling'oa spoku kwenye gurudumu la mteja akanipa, nikapiga magoti nikaanza. Mita kumi na moja kwa spoku, mdogo wangu. Saa moja na dakika arobaini. Nilimpigia kelele ajifunge paja kwa mkanda wa redio, akajifunga, na tangu hapo hakunyamaza. Nadhani aliogopa kwamba akinyamaza nitaharakisha.

"Usikimbie," aliniambia. "Taarifa ya habari bado ndefu."

Akanisomea habari zake. Mawaziri wamekutana, wameachana, wamekubaliana kukutana tena. Mita ya saba nikagusa kitu, nikakichimbua pembeni kidogo kidogo, lilikuwa bomu lingine, zima. Nikaliwekea kitambaa changu cha kichwa nikalizunguka. Akaniuliza nimeona nini, nikasema jiwe.

"Muongo," akasema. Akaukaza mkanda. Kisha akasema, "Unajua, mwanangu, hili langu huenda nililibeba mwenyewe. Kwa sabuni."

Nililia, na ukilia huoni ncha ya spoku, ikabidi niache kuchokoa mpaka machozi yaishe. Hiyo ni sehemu ya ule muda. Nisingelia labda angepoteza damu kidogo kuliko ile, labda ingekuwa ileile, sijui, daktari hajui, lakini kila nikifumba macho nahesabu zile dakika.

Yuko hospitali ya wilaya, kitanda cha dirishani. Hajambo kwa maana kwamba anaongea.

Hukunijibu kuhusu daftari. Sikuulizi tena habari ya vigingi.

Dada yako


Tarehe 14 Juni

Dada,

Sijui niamkie vipi baada ya barua ile. Niliisomea chooni ofisini na nikakaa humo mpaka watu wakagonga mlango. Shikamoo. Pole. Mpe Mjomba pole yangu, mwambie sijalala vizuri tangu siku ile.

Lazima nikuambie ukweli. Sikuliwasilisha ombi lako. Nililiandika, nikalitafsiri vizuri, nikasimama nalo mlangoni kwa bosi mara tatu. Mara zote tatu nilimkumbuka mtoto na kibali, nikarudi kwenye kiti changu. Kile kisanduku sikupata cha kukijaza. Niliogopa. Hilo ndilo kosa langu lote, na nakuomba msamaha kama mdogo wako.

Kibali kimetoka, miaka miwili.

Nina habari nyingine, na naomba uipokee kwa moyo mweupe. Mambo yamegeuka. Wapinzani wa hawa wa huku wameonekana huko kwenu upande wa milimani na matingatinga yao, wanachimba yale madini ya kutengenezea betri. Wiki ileile ghorofa yetu ikajaa watu tena, sura ngeni, suti mpya. Wanataka barabara yao ya madini kutoka milimani mpaka stesheni, na njia fupi inapita katikati ya shamba la nyuma ya shule. Kwa hiyo litasafishwa lote, Dada! Vikosi vinne, mashine, ndani ya miezi minne. Kisanduku sasa kimejaa mpaka maneno yanamwagika nje.

Ujumbe unakuja tarehe 12 Agosti kutangaza kurudi kwao. Mimi nimeteuliwa mkalimani. Nitafika nyumbani baada ya miaka sita. Wameomba apatikane mtu mmoja wa hapo aliyeumizwa na mabomu, akae mstari wa mbele, aseme neno moja la shukrani, apigwe picha na mkuu wa ujumbe. Nilimtaja Mjomba. Niliona itamfurahisha, kwa vile anavyowapenda. Tena itasaidia apewe mguu wa bandia mapema. Nimemnunulia redio mpya inayotumia jua.

Mwambie aandae maneno mafupi, na nitayaweka vizuri.

Mdogo wako


Tarehe 5 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama goti limepata nafuu, anatembea kuliko Mjomba sasa, na Mjomba anasema hilo ndilo lililomuuma zaidi. Amerudi nyumbani na magongo mawili aliyochongewa na seremala wa shule. Redio ya jua ameipokea kwa barua, amesema asante, na ameuliza kama ina nembo.

Umeandika, "Hilo ndilo kosa langu lote." Nimelisoma mara tatu, halafu nikatoa ile orodha ndani ya kitabu nikaiweka kando ya barua yako.

Mimi nilijua tangu Jumatatu ile ya honi. Ningeachaje kujua? Kurasa kumi na mbili za tiki za nyumbani kwetu, mkia umevutwa juu, nukta mbili chini, kila mstari mpaka upawa. Duniani tumebaki watu wawili tunaotia hivyo, na mmoja alikuwa amepiga magoti mstari wa kumi na saba. Nikasubiri uniambie. Nimesubiri miezi mitano na barua tatu zako. Nilikupa daftari la baba mkononi ukalipita kama hukuliona.

Sasa na langu. Niliandika kwamba vigingi vimeng'olewa, nikaliacha neno hapo ili lisiwe na mtu. Ni mimi niliyeving'oa. Kikosi kilikataa. Walikaa chini wote wanane, na dereva akasema atarudi na askari. Nikachukua ukurasa wa tisa nikawaonyesha. Nikawaambia huyu aliyetia tiki ni mdogo wangu wa tumbo moja, anazijua kazi zetu kuliko dereva, na hizi nukta maana yake amesoma neno kwa neno. Kama ameandika virudishwe, basi kuna wengine wanakuja nyuma na vyao, mdogo wangu hawezi kutuacha uchi. Waliniamini. Tukaving'oa vyote 1,140 kwa siku mbili, mimi mbele yao.

Nimekasirika nawe sana. Ungekuwa umetia tiki tupu, ningeketi pale chini na wenzangu, na askari wangekuja, na pengine tungepigwa, lakini vigingi vingekuwa vimesimama. Hukusoma. Ulikuwa na fungu la kumaliza kabla ya chakula, mkono ukatia nukta kwa mazoea. Wakubwa sina la kuwaambia, wao wamefanya kazi ya wakubwa, wamekuja na kuondoka na kurudi kwa sababu zao, na kesho wataondoka tena. Lakini ile nukta haikuwa ya kwao. Ilikuwa ya baba.

Shamba litasafishwa, nimesikia. Nitaomba kazi na watanipa, maana mistari ipo kichwani mwangu. Sitakataa. Watu wanataka kulima.

Mjomba amekubali kukaa mstari wa mbele. Atavaa koti lake. Picha amekubali. Shukrani amekataa, amesema badala yake atauliza swali moja, na kwa kuwa uliomba maneno mafupi, haya hapa, uyaandae: "Vile vigingi mlivitaka vya nini?"

Litafsiri hivyo hivyo. Usiliweke vizuri, usipunguze, usiongeze mheshimiwa. Mkuu wa ujumbe hatajua anaulizwa nini, kigingi hajawahi kukiona. Atakugeukia wewe akuulize, na Mjomba naye atakuwa anakutazama wewe, na mimi nitakuwa nimesimama nyuma ya kiti chake. Hapo hutakuwa mdomo wa mtu. Sema tu.

Sijamwambia habari ya nukta, yeye wala Mama. Nimekuachia.

Ukimaliza uje nyumbani, kitanda chako kipo. Usipite njia ya mkato ya zamani. Nyasi zimeota sana, zile fito arobaini na moja zimemezwa, na wewe ukingo huujui. Ukifika kwenye kona ya shule simama hapo hapo, uite, unisubiri nije nikushike mkono.

Dada yako